Kurunzi Mpya na Kurunzi ya Zamani: Mwongozo kwa Mwenye Kutembea Usiku

Usiku wa pwani yetu ya kusini haurefuki wala haufupiki kwa kiasi cha kuhisiwa, kwani Diani iko karibu na ikweta, na mwaka mzima jua huchwa baina ya saa kumi na mbili na saa moja ya jioni, likatuachia giza la takriban saa kumi na mbili. Kwa hivyo mkazi wa nchi iliyo baina ya Tiwi na Msambweni hupitisha nusu ya umri wake katika usiku, na si yote huipitisha kitandani: yuko anayetoka alfajiri kwenda kusali katika Msikiti wa Kongo, mlangoni mwa Mto Mwachema, yuko mtumishi wa hoteli anayemaliza zamu usiku wa manane akaingia vichochoro vya Ukunda, yuko bawabu anayezunguka ua wa tajiri wake mpaka kuche, yuko mvuvi anayeshuka mwambani maji yakipwa, na yuko mama anayeamka kumtazama mwana mwenye homa ilhali stima imekatika. Wote hao wahitaji nuru ya mkononi, lakini hawahitaji nuru ya namna moja.

Madukani zimeenea kurunzi za LED za mtindo wa kijeshi, nyeusi, nzito kwa kimo chake, zenye meno mdomoni na swichi mkiani, na masanduku yake yameandikwa maelfu ya lumeni na mamia ya mita. Mwenye tochi ya zamani ya mawe mawili huzitazama, akaitazama yake, akajiuliza kama wakati umefika wa kuitupa. Nasaha yangu kwake, nami nitaitolea ithibati hapa chini, ni kwamba kurunzi mpya ni bora kuliko ya zamani, lakini ubora wake haupo pale unaposifiwa na muuzaji. Upo katika uwezo wake wa kutoa nuru ndogo kwa muda mrefu, na asiyelijua hilo hununua ukali, akaikosa nuru aliyoihitaji.

Tabia ya kila moja

Kurunzi ya zamani ni chombo ambacho umbo lake halikugeuka sana tangu David Misell alipopewa hataza yake huko Marekani mwaka 1899: bomba, mawe makavu yaliyopangwa kichwa kwa mkia, glopu yenye uzi mwembamba, na kikombe king'aacho kinachoikusanya nuru na kuipeleka mbele. Mawe mawili makubwa, kila moja la volti 1.5, huupasha uzi ule moto mpaka ukawaka, na kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu hiyo hupotea katika joto, nuru inayobaki ni haba, aghalabu haifiki lumeni 30. Hata hivyo haba hiyo ina sifa zake. Rangi yake ni ya moto, na macho hustarehe nayo; mawe yakidhoofu nuru hufifia pole pole, ikawa ya manjano, kisha nyekundu, ikamwonya mwenyewe kungali mapema; na mawe yenyewe hupatikana katika duka la mtaa wowote. Kampuni ya Eveready ilianzishwa nchini Kenya mwaka 1967, na ijapokuwa kiwanda chake cha Nakuru kilifungwa mwaka 2014, mawe yangali yaletwa kutoka ng'ambo, na mwanakijiji wa Mwabungu au Gazi hana safari ndefu ya kuyafuata.

Kurunzi mpya haina uzi wa kuungua. Ndani yake mna kipande kidogo mno ambacho umeme ukikipita hutoa nuru ya buluu, na utando wa manjano uliopakwa juu yake huigeuza sehemu ya nuru hiyo, jumla yake ikaonekana nyeupe machoni petu. Elimu ya kuipata buluu iliyo kali iliwataabisha wataalamu miaka mingi, hata Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, walipofaulu, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwa nguvu ile ile ya umeme, LED hutoa nuru mara nyingi zaidi kuliko uzi, wala haikatiki kwa kuanguka sakafuni kama glopu inavyokatika. Aidha, kurunzi za mtindo huu huwa na daraja kadhaa za nuru, na nyingi zina namna ya kumweka kwa kasi, ambayo imekusudiwa kumtatiza adui.

Lakini ina aibu moja ambayo sharti uijue kabla ya kuiamini. Nyingi katika kurunzi hizi zina kifaa cha ndani kinachoishikilia nuru katika kiasi kimoja hadi betri ikaribie kwisha, kisha nuru huanguka ghafla au huzimika kabisa. Sifa hiyo humpendeza mnunuzi dukani, na humdhuru msafiri njiani, kwani aliyezoea onyo la tochi ya mawe hatapata onyo lolote.

Masafa yaliyoandikwa na masafa ya kuonea

Usomapo juu ya sanduku kwamba mwale unafika mita 300, usidhani kwamba utamtambua mtu aliyesimama mita 300 mbele yako. Watengenezaji walio waaminifu hufuata kipimo cha ANSI FL1 kilichowekwa Marekani mwaka 2009, na katika kipimo hicho mwisho wa masafa ni pale nuru inapopungua hata ikawa robo ya luksi, nayo ni kadiri ya nuru ya mwezi mpevu juu ya ardhi. Kwa nuru hiyo utaona kivuli, hutaona sura. Nuru hupungua kwa mraba wa umbali, maana yake ni kwamba ukilikaribia jambo hadi thuluthi ya masafa yale, nuru juu yake huwa mara tisa zaidi. Kwa hivyo ligawanye kwa tatu lile lililoandikwa, na mita 100 zitakazobaki ndizo za kutegemea. Ama masanduku yasiyotaja kipimo chochote, yenye tarakimu kubwa na za duara tu, hayo yachukulie kuwa ni tangazo.

Kadhalika lumeni. Mwili mdogo wa alumini hauwezi kulistahimili joto la lumeni 1000 kwa muda mrefu, na kurunzi iliyotengenezwa vyema hujishusha yenyewe baada ya dakika chache ili isijiunguze. Ukali ulioununua, basi, ni wa muda mfupi, na kazi yako ya usiku itafanywa kwa daraja za chini. Hizo ndizo za kuzichunguza dukani.

Miguu kwanza

Wahenga wa pwani walisema kwamba mmulika nyoka huanzia miguuni pake, na katika vijia vya Kwale agizo hilo bado ni la kufuatwa kama lilivyo. Bafe hakimbii asikiapo nyayo. Hulala kimya kando ya njia, rangi yake imefanana na majani makavu, akitumaini kwamba hataonekana, na wengi hugongwa kwa kumkanyaga. Mwale mwembamba na mkali unaopiga mnazi wa mbali haukusaidii kwa bafe aliye hatua mbili mbele yako. Zaidi ya hayo unakudhuru, kwa kuwa mboni ya jicho hujifunga mbele ya nuru kali, na yote yaliyo nje ya mwale huzidi kuwa giza.

Mtembea kwa miguu ahitaji nuru pana na ya wastani, baina ya lumeni 30 na 100, iliyoinamishwa ili iangukie hatua tatu au nne mbele. Dukani, omba taa ipunguzwe, umulike ukuta mweupe ulio karibu: ukiona doa kali katikati na kiza pembeni, hiyo ni kurunzi ya mbali, ukiona doa laini lililozungukwa na duara pana la nuru, hiyo ni kurunzi ya njia. Tochi yako ya zamani, kwa unyonge wake wote, aghalabu iliifanya kazi hii vizuri, na ndiyo sababu wazee hawakuona upungufu wake.

Mwambani, lindoni na nyumbani

Mchokoa pweza hali yake ni nyingine. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hupwa sana karibu na saa nne au saa tano za usiku, na tofauti baina ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Hapo tochi ya zamani haifai, kwa kuwa wimbi moja likiingia penye swichi yake huua kila kitu. Tafuta kurunzi iliyoandikwa IPX8, au kwa uchache IPX7, ambayo maana yake ni kwamba ilistahimili kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Nawe ukumbuke kwamba jaribio hilo lilifanywa kwa maji baridi, si ya chumvi. Ishike chini ya kiuno, karibu na maji, kwani ukiiweka usawa wa jicho uso wa maji hukurudishia nuru machoni. Na chukua kurunzi ya pili, hata ikiwa ndogo, maana maji yakianza kujaa hayakungoji ubadilishe betri.

Bawabu ndiye mtu ambaye kurunzi hizi zimeundwa kwa ajili yake, na hata yeye ahitaji hadhari. Jicho huhitaji karibu nusu saa ili kulizoea giza kikamilifu, na mwako mmoja mkali huyaharibu mazoea hayo yote. Kwa hivyo mlinzi mwenye busara hukaa gizani akitazama na kusikiliza, na nuru huiwasha kwa haja, kwa muda mfupi, kisha huizima na kusogea, ili asijulikane alipo. Kuta za nyumba nyingi za Diani ni nyeupe, na mwale wa lumeni 1000 ukipigwa juu ya ukuta wa karibu humrudia mwenyewe. Ama namna ile ya kumwekameka, aitumie tu akihofia nafsi yake, kwani yaweza kumwangusha mwenye kifafa, na yaweza kumpofusha dereva wa bodaboda barabarani, ikasababisha maafa kwa asiye na hatia. Na kwa watu wote, kummulika mwenzako usoni ni utovu wa adabu: ukikutana na mtu, inamisha nuru chini, umsalimie.

Nyumbani, kwa mgonjwa na mtoto, ukali hauna nafasi kabisa. Lumeni tano zilizoelekezwa darini zatosha chumba. Lililo muhimu hapa ni rangi ya nuru, maana LED baridi iliyo nyeupe ya kibuluu hulipotosha jicho: huufifisha wekundu wa upele, na huificha manjano ya macho ya mgonjwa. Ukipewa hiari, chagua LED ya rangi ya joto, ambayo sandukuni huandikwa kelvini baina ya 2700 na 4000, na ikiwa imetajwa CRI, yaani kipimo cha uaminifu wa rangi, ya 90 au zaidi, hiyo ni aula. Faida nyingine ni kwamba nuru ya joto haivuti wadudu wengi kama ile ya buluu.

Hesabu ya betri

Kurunzi nyingi za mtindo wa kijeshi hutumia betri ya lithiamu inayoitwa 18650, kwa sababu upana wake ni milimita 18 na urefu wake ni 65. Hapa ndipo penye udanganyifu mwingi kuliko kwengine. Betri ya namna hii iliyo njema huwa na herufi mAh zenye tarakimu baina ya 2000 na 3500, au kupita hapo kidogo; ukiona imeandikwa 9900, jua kwamba umeandikiwa uongo. Omba mizani ya duka uipime: ya kweli huwa na uzito wa karibu gramu 45 hadi 50, na iliyo nyepesi mno haina ndani yake yale iliyoyaahidi.

Kisha fanya hesabu hii. Betri ya 3000 mAh, kwa volti 3.7, ina nguvu ya wati 11 kwa saa moja. LED njema hutoa karibu lumeni 100 kwa kila wati, basi lumeni 1000 zitaimaliza betri hiyo katika muda wa saa moja hivi, na lumeni 50 zitadumu karibu saa 20. Betri ni ile ile na kurunzi ni ile ile. Mwenye kujizuia hupata karibu usiku mbili, na mwenye israfu hupata saa moja. Huo ndio ubora wa kurunzi mpya niliousema mwanzoni, nao hauonekani mpaka mtu akubali kuitumia kwa daraja ya chini.

Betri za lithiamu zina masharti yake. Zichaji kwa chaja iliyokusudiwa, nawe uwe macho. Usiziache ndani ya gari lililo juani. Iliyochubuka ganda au iliyovimba usiitumie tena. Na usiitupe motoni wala shimoni, kwani hulipuka na kuwaka. Ukisafiri kwa ndege kutoka uwanja wa Ukunda, betri za akiba zikae katika mkoba wa mkononi, kila moja katika kifuko chake, wala zisiwekwe katika mizigo ya chini. Na jihadhari na kurunzi ambayo betri yake haitoki, kwani betri ikifa, chombo kizima kimekufa.

Hapa tochi ya zamani hurudi na haki yake. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na sehemu nyingi zilikaa gizani kwa saa nyingi. Katika usiku kama huo, kurunzi ya kuchaji iliyosahauliwa ikiwa tupu ni kipande cha chuma, hali tochi ya mawe yataka safari ya hatua chache dukani. Kwa hivyo usiitupe. Ukipata glopu ya LED yenye kitako kilicho sawa na cha glopu yako ya uzi, na volti zake zikiwafikiana na mawe yako, itie humo, na tochi ile ya babu itaangaza zaidi na mawe yatadumu zaidi.

Nuru na kasa

Diani si ya wanadamu peke yao wakati wa usiku. Kasa hupanda ufuoni kutaga, na baada ya takriban miezi miwili wana hutoka mchangani, aghalabu usiku, wakaufuata ule upande wenye mwanga zaidi, ambao katika maumbile ndio wa bahari. Mwale mmoja mkali wa kurunzi waweza kumrudisha mama majini kabla hajataga, na waweza kuwapoteza wana wakaelekea nchi kavu, wakaliwa na kaa au wakafa juani. Kasa analindwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, na sisi tulindao jina jema la pwani hii tuna wajibu uliotangulia sheria. Ukimkuta kasa, zima nuru, simama nyuma yake kwa mbali, usimpige picha kwa mwako, na uwaarifu watu wa Diani Turtle Watch, ambao kazi yao ni kuvilinda viota. Ikiwa huna budi kuwasha, tumia nuru nyekundu iliyo hafifu kabisa, ambayo baadhi ya kurunzi mpya zinayo tayari. Nuru hiyo ina faida ya pili: haiyaharibu mazoea ya jicho katika giza.

Chumvi ni adui wa zote mbili

Upepo wa kusi na wa kaskazi wote huleta chumvi, na chumvi hula springi, swichi na nyuzi za kifuniko. Kurunzi mpya ikitoka baharini, ioshe kwa maji baridi ingali imefungwa, ikaushe, ndipo uifungue. Ichunguze pete yake ya mpira, na uipake grisi kidogo ya silikoni mara kwa mara, maana pete iliyokauka haizuii maji, hata sanduku liseme nini. Tochi ya zamani itoe mawe unapoiweka, kwa kuwa mawe yaliyochoka huvuja. Ikiwa mawe yaliyovuja ni yale ya kawaida ya bei nafuu, uchafu wake ni wa tindikali, na kitambaa chenye maji ya magadi huuondoa. Ikiwa ni yale ya alkalini, uchafu wake huondolewa kwa ndimu au siki. Vaa glavu, kisha pangusa kwa maji safi kidogo, kausha vizuri, na usugue springi kwa msasa laini hadi ing'ae.

Hukumu

Ikiwa uwezo wako ni wa kurunzi moja tu, nunua mpya, kwa masharti haya: iwe na daraja ya chini isiyozidi lumeni 10 na ya wastani isiyozidi 100, ikiwashwa ianze kwa daraja ya chini au ile uliyoiacha, wala isianze kwa kumwekameka, betri yake itoke na ipatikane, iwe na alama ya kuzuia maji, na nuru yake iwe pana na ya rangi ya joto. Kurunzi ya lumeni 500 yenye sifa hizo ni bora kuliko ya lumeni 5000 isiyokuwa nazo, na aghalabu bei yake ni nafuu. Ya zamani iweke mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua, na mawe mapya kando yake nje ya bomba, na uijaribu kila mwezi unapoandama. Na kabla hujatoa fedha yako, mwambie muuzaji akuwashie daraja ya chini kwanza. Akishindwa kukuonyesha, rudisha kurunzi yake rafuni, uende duka jingine.